Hotidogi yenye mke na watoto saba: kwa nini filamu za kuwatisha vijana dhidi ya dawa za kulevya ziliishia kuchekwa

Msichana yuko barabara ya Market, San Francisco, njaa inamuuma. Yeye na wenzake wametumia LSD, dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone yasiyokuwapo, na sasa anatafuta kitu cha kutia tumboni. Ananunua hotidogi, anaipaka haradali, anaisogeza mdomoni, na hapo hotidogi inapiga ukelele. Ina uso. Nywele zimesimama kama za mwanasesere wa plastiki. Inamsihi asiile, maana nyumbani imeacha mke na watoto saba.

Hiki si kichekesho cha mtandaoni. Ni filamu ya elimu iliyotolewa mwaka 1969 kwa jina la Case Study: LSD, na aliyeitengeneza ni Lockheed, kampuni ileile iliyokuwa ikiliundia jeshi la Marekani ndege. Nia yake ilikuwa moja tu: anayeitazama aiogope LSD. Mimi nimeitazama mara tatu na kila mara najiuliza swali lilelile. Ni nani alikaa kwenye kikao, akamsikiliza mwenzake anaeleza habari ya hotidogi yenye familia, akaitikia kwa kichwa na kusema, "Naam, hii itawafundisha"?

Jibu jepesi ni kwamba walikuwa washamba, wazee wasiojua lolote kuhusu vijana. Silikubali. Wengi wa waliotengeneza filamu hizi walikuwa mafundi wazuri wa kazi yao, na baadhi ya dawa walizoonya dhidi yake zilikuwa zinaua kweli. Tatizo lilikuwa kwingine: mtu ambaye filamu hizi zililazimika kumridhisha hakuwa amekaa darasani.

Tuanze na wakati wenyewe. LSD ilitengenezwa kwanza mwaka 1938 na mkemia Albert Hofmann, katika maabara ya kampuni ya Sandoz kule Basel, Uswisi. Mwaka 1943 aligundua kwa mwili wake mwenyewe inavyovuruga akili. Kwa miaka mingi baada ya hapo ilikaa mikononi mwa madaktari wa magonjwa ya akili, ikifanyiwa majaribio, bila kelele. Kelele zilikuja pale ilipotoka hospitali ikaingia kwenye mabweni ya vyuo. California iliipiga marufuku tarehe 6 Oktoba 1966. Januari 1967 maelfu ya vijana walijaa katika bustani ya Golden Gate, San Francisco, wakimsikiliza Timothy Leary, aliyewahi kuwa mhadhiri wa Harvard, akiwahimiza waachane na maisha ya wazazi wao. Kiangazi cha mwaka huohuo mtaa wa Haight-Ashbury ulifurika mahipi, vijana walioyakataa maisha ya wazazi wao, kutoka kila pembe ya nchi.

Kilichowashtua Wamarekani wenye nafasi hakikuwa dawa peke yake. Heroini ilikuwa imekwisha kuharibu mitaa ya Weusi na ya maskini kwa miaka mingi, na wakubwa walilala usingizi wao. Safari hii waliovuta bangi na kulamba LSD walikuwa watoto wa wanasheria, wa wahasibu, wa wachungaji. Mzazi aliyemlipia mwanawe ada ya chuo alirudishiwa kijana mwenye nywele mabegani, asiyetaka kazi wala vita ya Vietnam. Shule zikaulizwa: ninyi mnafanya nini?

Shule zilikuwa na jibu tayari kabatini, na kwa hilo wa kushukuriwa ni Warusi. Baada ya Sputnik, setilaiti yao, kurushwa Oktoba 1957, Marekani iliingiwa na hofu kwamba watoto wake wamebaki nyuma kisayansi. Mwaka 1958 bunge likapitisha sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa, na sehemu ya fedha zake zikaenda kununua vifaa vya kufundishia. Projekta za milimita 16 zikasambaa shuleni. Mwaka 1965 sheria nyingine ya elimu ikaongeza mafungu ya vitabu na vifaa vya maktaba. Mashine zikawa nyingi, na mashine yenye njaa hulishwa.

Anayekumbuka projekta hizo anajua kwamba zilikuwa na ibada zake. Mkanda ulikuja kwenye kopo bapa la bati. Kila darasa lilikuwa na kijana mmoja mtundu wa mitambo ambaye mwalimu alimwita aje aupitishe: kwenye meno ya gurudumu la juu, ukiachwa ulegee kidogo, chini ya lenzi, ukilegezwa tena, kisha kwenye ngoma ya sauti, maana sauti ilikuwa imechapwa pembeni mwa mkanda wenyewe. Ukikosea kulegeza, picha inarukaruka. Mkanda ukikwama mbele ya taa, unababuka huku darasa zima linaona tundu la kahawia likipanuka ukutani, na hapo ndipo shangwe ya kweli ilipopatikana. Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika 10 hadi 30, ili iishe kabla ya kengele.

Filamu hizo hazikununuliwa na mwanafunzi. Zilinunuliwa au kukodishwa na ofisi ya vifaa vya elimu ya wilaya, mara nyingi baada ya kutazamwa na walimu, pengine na kamati ya wazazi, pengine na mkuu wa polisi wa mji. Mtengenezaji alijua fika kwamba biashara yake iko mikononi mwa watu hao. Wao ndio waliotakiwa watoke chumbani wakisema imewagusa. Mzazi wa miaka 45 mwenye hofu humgusi kwa kumwambia kwamba bangi ina madhara ya kadiri, na kwamba kuna tofauti kubwa kati yake na heroini. Unamgusa kwa kumwonyesha hofu yake mwenyewe, kubwa kuliko alivyoiwaza usiku.

Ukiutazama mlolongo wa filamu hizi kwa jicho hilo, mambo mengi yaliyokuwa yanachekesha yanaanza kueleweka.

Chukua mfano wa Sid Davis. Alianza kama mtu anayesimama mahali pa mwigizaji John Wayne wakati mafundi wanapanga taa, na ni Wayne huyo aliyemkopesha dola 1,000 za kutengeneza filamu yake ya kwanza, ya kuwaonya watoto wasifuate wageni. Kutoka hapo alitengeneza filamu fupi zaidi ya 100 za maonyo, kwa bajeti ya kubana, juu ya kila kitu kinachoweza kumdhuru mtoto. Kwa Davis hakuna kosa dogo. Mtoto akicheza vibaya na mkasi, akikimbia barabarani, akivuta msokoto mmoja, ngoma ni ileile na mwisho ni uleule: hospitali, jela au kaburi. Filamu zake za dawa zilianza mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mahipi walipofika hakuhitaji kubadili kanuni. Alibadili mavazi tu.

Kanuni yenyewe ilikuwa na mifupa michache. Anaonyeshwa kijana mzuri, mwanamichezo, ana mchumba. Rafiki mpya anampa bangi kwenye sherehe. Baada ya wiki ni vidonge, baada ya vidonge ni sindano, na mwisho anagaagaa sakafuni kwa arosto huku msimulizi mwenye sauti nzito ya kitangazaji akiuliza kama raha ile ilistahili. Hii ndiyo hoja ya ngazi: kwamba bangi ni kidato cha kwanza na heroini ni cha mwisho.

Hoja hiyo inahitaji kufunguliwa kidogo kwa sababu hadi leo tunaisikia, hata kwa Kiswahili. Ilisimama juu ya jambo la kweli: ukiwauliza wanaojidunga, wengi watakwambia walianza na bangi. Kosa liko kwenye kuligeuza. Karibu kila dereva wa lori alianza na baiskeli, lakini ukisimama kwenye kilabu cha baiskeli hutasema hawa wote kesho wataendesha lori. Na kichekesho kikubwa ni kwamba mwasisi wa vita dhidi ya bangi, Harry Anslinger, aliyeiongoza idara ya serikali ya kupambana na dawa za kulevya kuanzia 1930 hadi 1962, mwanzoni mwenyewe aliikana. Mwaka 1937, mbele ya kamati ya bunge iliyokuwa ikijadili kodi ya bangi, aliulizwa waziwazi kama mvuta bangi huhamia heroini. Akajibu hapana, hajawahi kusikia kisa cha namna hiyo. Wakati huo hoja yake ilikuwa kwamba bangi inaleta wazimu na mauaji. Katikati ya miaka ya 1950, hoja ya wazimu ilipochuja, akarudi kwa wabunge na kuwaambia hatari yake kubwa ni kwamba inapeleka watu kwenye heroini. Filamu za shule zilifuata hadithi ya pili, na nyingine hazikutaka kuiacha ya kwanza, zikazichanganya zote mbili.

Lilipokuja suala la LSD, mambo yalizidi kuwa magumu, kwa sababu hapo sayansi yenyewe ilikuwa inayumba. Machi 1967 jarida la Science lilichapisha taarifa ya Maimon Cohen na wenzake kwamba LSD ilionekana kuvunja kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, za chembe nyeupe za damu. Magazeti yakalidaka. Wamarekani walikuwa bado na kumbukumbu mbichi ya thalidomidi, dawa iliyowafanya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu miaka michache nyuma, kwa hiyo neno kromosomu lilitosha kumnyima mzazi usingizi. Filamu zikalibeba kama ukweli uliokwisha kuthibitishwa. Mwaka 1971 jarida hilohilo likachapisha mapitio ya tafiti 68, na hitimisho lilikuwa kwamba LSD halisi kwa kipimo cha kawaida haiharibu kromosomu. Jarida lilikuwa na toleo jipya la kusahihishia. Mkanda uliokwisha kulipiwa hauna toleo jipya, unazungushwa vilevile ulivyo.

Na kuna kisa cha Pennsylvania, ambacho laiti kingekuwa riwaya tungemlaumu mwandishi kwa kuzidisha. Januari 1968, Norman Yoder, ofisa wa jimbo aliyesimamia huduma za vipofu, alitangaza kwamba wanafunzi sita wa chuo walitumia LSD, wakalala kwenye majani, wakalitumbulia macho jua mpaka wakapofuka wote. Gavana Raymond Shafer alikiunga mkono kisa hicho. Baada ya siku chache gavana huyohuyo akalazimika kusimama tena mbele ya waandishi na kukiri kwamba hakuna wanafunzi, hakuna jua, hakuna upofu. Yoder alikuwa amekitunga, kwa nia njema ya kuwaokoa vijana. Jina la Shafer liweke pembeni, tutalihitaji.

Nia njema ndiyo iliyokuwa sumu ya kazi hii. Aliyetia chumvi hakujiona mwongo, alijiona mwokozi. Akili ya kawaida ilimwambia kwamba hofu ikizidi, usalama unazidi. Lakini jambo hilo lilikuwa limepimwa tayari. Mwaka 1953 wanasaikolojia Irving Janis na Seymour Feshbach waliwapa wanafunzi wa sekondari mihadhara mitatu tofauti kuhusu kuoza meno. Mmoja ulikuwa na picha za kutisha za fizi zilizooza na vitisho vya upofu na saratani, wa pili ulikuwa wa wastani, wa tatu ulisema mambo kwa utulivu. Waliotishwa sana walisema wamevutiwa zaidi kuliko wengine. Walipoulizwa baada ya wiki moja, waliobadili namna ya kutunza meno katika kundi la utulivu walizidi waliorudi nyuma kwa asilimia 36. Kwa kundi la kutishwa ilikuwa asilimia 8. Yaani mhadhara wa kutisha ulishinda kwenye makofi na ukashindwa kwenye mswaki.

Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake wakaongeza kipande kilichokuwa kinakosekana. Wanafunzi wa chuo cha Yale walisomeshwa kuhusu pepopunda, baadhi kwa kutishwa sana, baadhi kidogo. Kiasi cha hofu hakikuleta tofauti ya maana katika idadi ya waliokwenda kuchanjwa. Kilicholeta tofauti ni kuwapa baadhi yao ramani ya chuo yenye alama ya zahanati na kuwataka wapange siku ya kwenda. Waliopewa ramani, takriban asilimia 28 walikwenda. Wengine, asilimia 3. Hofu isiyo na mlango wa kutokea hugeuka kuwa kitu cha kukwepwa, na njia nyepesi ya kuikwepa, hasa ukiwa na miaka 16 na wenzako wako kando yako gizani, ni kicheko.

Ninalijua giza hilo. Nilipokuwa kidato cha pili tuliletewa mgeni wa kutuonya kuhusu bangi. Alitundika picha za watu waliokonda, akasema anayeivuta hafikishi miaka 30. Nyuma kabisa mtu akanyoosha mkono na kuuliza, kwa adabu zote, "Shikamoo mwalimu. Sasa mbona babu yangu kijijini anavuta na ana wajukuu ishirini?" Darasa liliangua kicheko. Mgeni alikasirika, akamtoa nje. Aliendelea na habari za unga, na huko alikuwa anasema kweli tupu, lakini hakuna aliyekuwa anasikiliza tena.

Kule Marekani babu huyo alikuwa darasani mara elfu. Katika filamu Marijuana ya mwaka 1968, mtoa onyo ni mwimbaji Sonny Bono, aliyechaguliwa kwa sababu vijana walimjua. Amevaa vazi la kung'aa kama nguo za kulalia za sultani, anaongea taratibu, macho mazito, na kwa dakika nyingi mtazamaji hajui kama anayemwonya ametoka kuvuta au anakwenda kuvuta. Kwa haki, filamu hiyo ina kitu ambacho nyingi hazina: inawaacha vijana waliokamatwa wataje hoja zao, kwamba wazazi wanakunywa pombe, kwamba wanakula vidonge. Lakini majibu yanayokuja baadaye hayafikii uzito wa maswali.

Hapo kwenye vidonge ndipo mwanya ulipokuwa mpana zaidi. Valium, dawa ya kutuliza wasiwasi, iliingia sokoni Marekani mwaka 1963, ikawa miongoni mwa dawa zilizoandikwa zaidi nchini. Amfetamini, dawa za kuchangamsha mwili, zilitolewa kwa akina mama waliotaka kupunguza uzito. Kiswahili chetu kinalibeba tatizo hili ndani ya neno lenyewe: dawa ni dawa, mpaka uongeze "za kulevya". Watengenezaji wa filamu walikuwa na kazi ya kuuchora mstari kati ya hizo mbili, na waliuchora mahali ambapo mama mwenye kichupa jikoni angebaki upande salama. Mtoto wake alikiona kichupa kila asubuhi. Rais Nixon alimpokea Elvis Presley Ikulu tarehe 21 Desemba 1970 na kumpa beji ya idara ya kupambana na dawa za kulevya. Elvis alipokufa mwaka 1977, mwilini mwake zilikutwa dawa nyingi, na ni za kuandikiwa na daktari.

Kosa la namna nyingine lilifanywa na wasanii. Kuonyesha mtu aliyelewa LSD kulihitaji rangi zinazoyeyuka, lenzi za kupinda, muziki wa kuzunguka. Mafundi walifurahia kazi hiyo, na furaha yao inaonekana. Filamu LSD-25 ya mwaka 1967 ilikwenda mbali hadi kuifanya dawa yenyewe ndiyo msimulizi, inajitambulisha na kujigamba. Mfano wa kusikitisha zaidi ni Curious Alice, ya taasisi ya taifa ya afya ya akili, iliyokusudiwa watoto wa miaka minane hadi kumi. Alice, yule ambaye wazee wetu walimsoma kama Elisi, anashuka kwenye nchi ya ajabu na kuwakuta wenyeji wake wamegeuka: Mtengeneza Kofia ni LSD, Sungura ni amfetamini, Panya wa usingizi ni vidonge vya kulaza, Mfalme ni heroini. Michoro yake ni mizuri kupita kiasi. Mwaka 1972 baraza la taifa la kuratibu elimu ya dawa za kulevya liliikosoa kwa sababu iliyo wazi: mtoto wa miaka minane anaweza kuitazama na kutamani kwenda huko.

Baraza hilo lilikuwa limepitia filamu zaidi ya 200 za aina hii. Chache tu ndizo lilizoziona sahihi kisayansi na zenye mpango wa kueleweka. Nyingine zilihitaji mwalimu wa kuzisahihisha papo hapo, na fungu kubwa lilishauriwa lisionyeshwe kabisa.

Nisieleweke vibaya kuhusu ukubwa wa lawama. Kulingana na kura za maoni za Gallup, Wamarekani wazima waliosema wamewahi kujaribu bangi walikuwa asilimia 4 mwaka 1969 na asilimia 12 mwaka 1973. Filamu hazikuleta ongezeko hilo. Vita, muziki, fedha mfukoni mwa vijana na wingi wa bidhaa vilifanya kazi hiyo. Deni la filamu ni jingine. Zilipoichora bangi na heroini kwa wino mmoja, kijana aliyejaribu bangi na kuamka mzima kesho yake alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba na kuhusu heroini amedanganywa.

Linganisha na jambo lililotokea Agosti 1969, mwaka uleule wa hotidogi. Kwenye tamasha la Woodstock, mbele ya bahari ya vijana, mtangazaji wa jukwaani alichukua kipaza sauti na kuwaambia kwamba kuna LSD ya kahawia inayozunguka uwanjani na si nzuri. Akawashauri wakae nayo mbali, akaongeza kwamba uamuzi ni wao. Hakutaja kaburi wala kromosomu. Alitaja rangi. Alikuwa mwenzao, hakuwa na cha kuwauzia, na alichosema kingeweza kuhakikiwa na yeyote aliyefungua kiganja chake. Katika mitaa ya Haight-Ashbury vilevile, onyo lililokuwa kali kuliko yote dhidi ya amfetamini, kwamba spidi inaua, lilisambazwa na mahipi wenyewe waliokuwa wamezika marafiki, na lilipata nguvu kwenye zahanati ya bure iliyofunguliwa mtaani humo Juni 1967 na daktari David Smith, ambapo aliyezidiwa alipokelewa bila kuitiwa polisi. Onyo hilo lilikuja na ramani yake.

Waholanzi walilipima jambo hili katikati ya miaka ya 1970. Kule Rotterdam, Willy de Haes na Johannes Schuurman waliwagawa wanafunzi wapatao 1,000 wa miaka 14 hadi 16. Kundi moja lilipewa maonyo ya kutisha, la pili likapewa ukweli mkavu wa kidaktari, la tatu lilikaa na mwalimu wao kwa wiki kadhaa kuzungumzia shida za ujana kwa jumla, dawa zikitajwa zinapojitokeza zenyewe. Waliojaribu dawa baadaye waliongezeka katika makundi mawili ya kwanza kuliko ambao hawakufundishwa lolote. Kundi la mazungumzo ndilo lililofanya vizuri. Angalia kwamba hata ukweli mkavu haukusaidia. Hapo nami nilinyamaza kidogo, kwa sababu sisi waandishi wa makala za ufafanuzi tunaishi kwa kuamini kinyume chake.

Sasa turudi kwa Shafer. Baada ya kutoka ugavana, Nixon alimteua aongoze tume ya taifa ya kuchunguza bangi na matumizi ya dawa. Pengine rais alidhani amepata mtu wake. Ripoti ya kwanza, ya 1972, ilipendekeza anayekutwa na bangi ya matumizi yake binafsi asifanywe mhalifu, na Nixon akaikataa. Ripoti ya pili ilitoka 1973, na humo tume ilishauri viongozi wafikirie kwa dhati kusimamisha elimu yote ya dawa za kulevya shuleni mpaka ijulikane inafanya nini hasa. Mwaka huohuo ofisi ya Ikulu iliyoshughulikia dawa za kulevya ilizuia kwa muda utengenezaji wa vifaa vipya kwa fedha za serikali kuu. Gavana aliyewahi kuunga mkono wanafunzi sita vipofu ambao hawakuwapo ndiye aliyesaini ushauri wa kuzima projekta.

Wakati tume inaandika, wanafunzi wa vyuo walikuwa wanalipa kiingilio kuitazama Reefer Madness, filamu ya maonyo ya mwaka 1936 iliyokwisha kusahauliwa. Keith Stroup, mwanaharakati wa kuhalalisha bangi, alinunua nakala yake kutoka Maktaba ya Bunge kwa dola 297 na kuizungusha vyuoni kama kichekesho, mapato yakienda kwenye kampeni yake. Filamu iliyotengenezwa kuwaogopesha wazazi kuhusu bangi ilikuwa inachangisha fedha za kuihalalisha.

Projekta hazikuzimwa zote. Marufuku ya fedha za serikali kuu ilizuia mikanda mipya, haikuyakusanya makopo yaliyokuwa kwenye makabati ya wilaya, na wilaya iliyokwisha kulipa haitupi. Mikanda iliendelea kuzungushwa miaka ya 1970 yote na zaidi, ikikwaruzika, ikiungwaungwa kwa gundi. Mingi iliyosalia tunaweza kuitazama leo kwa hisani ya Rick Prelinger, aliyeanza mwaka 1982 kuokoa filamu ambazo hakuna maktaba iliyozitaka, na ambaye mkusanyiko wake uliingia Maktaba ya Bunge mwaka 2002.

Ukizitazama utaona jambo ambalo halikukusudiwa na yeyote. Rangi za mikanda ya wakati huo hazikuwa imara. Buluu na kijani huchuja kwanza, nyekundu hubaki. Baada ya miaka 50, nakala nyingi zimekuwa za waridi kuanzia mwanzo hadi mwisho: anga, majani, uso wa msimulizi, sare ya polisi, sindano na moshi, vyote rangi moja, na huwezi tena kujua ni sehemu gani walitaka uone kwamba kijana amelewa.